Kurekebisha pH ya Maji ya Tangi la Samaki kwa Vitu vya Nyumbani: Mwongozo kwa Wafugaji wa Dodoma na Kanda ya Kati

Mtu anayeanza kufuga samaki wa mapambo mjini Dodoma hukutana na tatizo la kwanza kabla hata hajanunua samaki, nalo ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hili hutoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, upande wa Mzakwe, kaskazini mwa jiji, na maji yaliyokaa muda mrefu chini ya ardhi hubeba madini mengi. Ushahidi upo katika kila jiko: ukoko mweupe ndani ya birika, sabuni inayochelewa kutoa povu, na madoa ya chokaa yanayobaki kwenye kioo pale tone la maji linapokauka. Maji ya namna hii huwa na pH (kipimo cha tindikali na kinyume chake, besi) ya juu, na zaidi ya kuwa juu, huwa magumu kushushwa.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuishusha au kuipandisha pH kwa vitu vinavyopatikana nyumbani, sokoni na uani. Umejengwa juu ya hoja moja ambayo mimi niliielewa kwa kuchelewa: kinachopaswa kurekebishwa ni madini yanayoishikilia pH, na hayo hurekebishwa kwenye ndoo kabla maji hayajaingia kwenye tangi lenye samaki. Anayeifukuza namba ya pH ndani ya tangi huwachosha samaki wake hadi wafe.

Tangi langu la kwanza, nilipokuwa nikiishi eneo la Kisasa hapa Dodoma, lilikuwa la lita 60. Nilipima pH nikapata 8.2, na kwa kuwa nilikuwa na samaki aina ya tetra ambao asili yao ni mito ya Amerika Kusini yenye maji laini, yaani yenye madini machache, niliamua kukamua ndimu kila jioni hadi kipimo kisome 7. Kila asubuhi kipimo kilisoma tena 8 na zaidi, nami nikaongeza ndimu. Siku ya tano maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, samaki wakiwa juu wanahema, na kufikia jioni nilikuwa nimepoteza tetra wote kumi na moja. Nimeandika mwongozo huu ili mwingine asilipe gharama hiyo.

Kinachoishikilia pH

Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Sørensen, na hutumia namba kuanzia 0 hadi 14, ambapo 7 ni katikati, chini yake ni tindikali na juu yake ni besi. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi: maji ya pH 6 yana tindikali mara kumi zaidi ya maji ya pH 7, na mara mia zaidi ya maji ya pH 8. Badiliko la kutoka 8 hadi 7 kwa usiku mmoja linaonekana dogo kwenye karatasi, ilhali kwa samaki, ambaye damu yake hukutana na maji kupitia mashavu kila sekunde, ni mshtuko mkubwa.

Ndani ya maji ya kisima kuna bikabonati, ambayo kiasi chake hupimwa kwa kipimo kiitwacho ugumu wa kabonati, kwa kifupi KH, kinachohesabiwa kwa nyuzi. Bikabonati humeza tindikali. Ukimimina siki au ndimu, bikabonati huipokea, hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na pH hushuka kwa saa chache kwa sababu gesi hiyo yenyewe ni tindikali hafifu ikiwa ndani ya maji. Kisha gesi hupanda hewani na pH hurudi karibu na ilipokuwa. Siki na ndimu zina jambo la pili: tindikali zake ni chakula cha bakteria. Bakteria huila, huongezeka kwa kasi, hutumia oksijeni ya samaki, na katika kuila huirudisha ile bikabonati iliyokuwa imetumika. Ndiyo sababu maji yangu yaligeuka meupe, na ndiyo sababu pH ilirudi kila asubuhi.

Uhusiano wa KH na pH una kanuni moja rahisi ya kukumbuka. Ikiwa kiasi cha gesi ya kaboni dioksidi kwenye tangi hakibadiliki, kila unapoigawa KH kwa mbili, pH hushuka kwa takriban 0.3. Kwa tangi la kawaida lenye samaki na takriban miligramu 3 za gesi hiyo kwa lita, KH ya 16 hutoa pH ya karibu 8.2, KH ya 8 hutoa 7.9, KH ya 4 hutoa 7.6, KH ya 2 hutoa 7.3, na KH ya 1 ndiyo hukufikisha 7. Namba hizi zinaonyesha kwa nini mtu wa Dodoma anayetaka pH ya 7 hana njia ya mkato, na pia zinaonyesha hatari iliyopo, kwa kuwa maji yaliyofika KH ya 1 karibu hayana kinga tena na yanaweza kuporomoka kwa kosa dogo tu.

Kupima kabla ya kugusa chochote

Anza na vipimo viwili, cha pH na cha KH. Cha matone ndicho ninachokipendekeza kuliko karatasi za kuchovya, ambazo huharibika upesi zikipata unyevu. Kwa KH, vipimo vingi vya matone hufanya kazi kwa kuhesabu: unaweka mililita 5 za maji kwenye chupa ndogo, unadondosha tone moja moja ukitikisa, na idadi ya matone hadi rangi ibadilike ndiyo nyuzi za KH.

Kwa pH, angalia mipaka ya kipimo unachonunua. Kipimo cha kawaida cha bei nafuu husoma kuanzia 6.0 hadi 7.6 tu, na maji yakiwa 8.4 hicho kipimo hubaki kwenye bluu yake ya mwisho. Nimekutana na wafugaji kadhaa hapa mjini wanaoamini kwa dhati kwamba maji yao ni 7.6, kumbe kipimo chao hakiwezi kusema zaidi ya hapo. Kwa maji ya kanda ya kati tafuta kipimo cha kiwango cha juu, kinachosoma takriban 7.4 hadi 8.8. Kalamu ya kielektroniki nayo ni nzuri iwapo utairekebisha mara kwa mara kwa maji maalumu ya pH inayojulikana, isiporekebishwa hudanganya.

Maji yapimwe mara mbili. Maji yaliyotoka kisimani au bombani muda huo huo huweza kuwa na gesi nyingi ya kaboni dioksidi iliyobanwa, hivyo pH yake husomeka chini. Jaza ndoo, pima, kisha tumbukiza pampu ya hewa na uiache ifanye kazi kwa saa 24, halafu pima tena. Namba ya pili ndiyo ya kweli, na tofauti kati ya hizo mbili inaweza kukushangaza. Saa hizo 24 huondoa pia klorini inayowekwa kwenye maji ya bomba.

Choya, ile rozela ambayo Dodoma na Singida hukausha kwa ajili ya juisi, inaweza kukusaidia kidogo. Juisi yake isiyo na sukari hubaki nyekundu kwenye tindikali na hugeuka kuelekea kijani kwenye besi kali. Haitoshi kupima tangi, kwa kuwa haiwezi kutofautisha 7.4 na 8.2 kwa uhakika, lakini inafaa sana kwa kazi moja nitakayoieleza kwenye sehemu ya magadi.

Andika namba zako kwenye daftari, pamoja na tarehe na chanzo cha maji. Kwetu hili lina uzito wa pekee, kwa sababu katika siku za mgao mtu hujaza tangi la akiba kwa maji ya bomba wiki hii na kwa maji ya boza au ya kisima cha jirani wiki ijayo, na maji hayo mawili yanaweza kutofautiana sana. Kila shehena mpya ipimwe.

Je, kuna haja ya kubadilisha?

Samaki wengi wanaouzwa madukani huvumilia vizuri maji yetu. Gapi, moli na samaki wa dhahabu huishi bila shida kwenye pH ya 7 hadi 8.2, na moli hupendelea hasa maji magumu, yaani yenye madini mengi. Samaki wa jamii ya sikilidi kutoka Ziwa Nyasa wanataka takriban 7.8 hadi 8.6, na wale wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana pH ya karibu 9, wanataka 8.6 na zaidi. Naona ni jambo la kutafakari kwamba samaki wazuri kabisa, wanaotafutwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani, ni wa maziwa yetu wenyewe, na maji ya Dodoma ambayo tunayalalamikia yanawafaa kuliko samaki yeyote wa Amazoni. Kama bado hujanunua samaki, chagua anayependa maji uliyonayo, na sehemu kubwa ya mwongozo huu hutaihitaji.

Kubadilisha maji kuna maana kwa anayefuga tetra, diskasi na wengine wa maji laini, hasa akitaka wazaliane. Na kwa anayetumia maji ya mvua pekee, ambaye tatizo lake ni kinyume, kwamba pH huanguka.

Kushusha: maji ya mvua

Hii ndiyo njia bora ya nyumbani kwa kanda hii. Maji ya mvua karibu hayana madini, hivyo yakichanganywa na maji ya bomba huipunguza KH kwa hesabu iliyo wazi. Ugumu ni kwamba mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo anayetegemea njia hii lazima avune ya kumtosha miezi mingine yote.

Hatua ya kwanza ni kuvuna kwa usafi. Paa liwe la bati lisilochubuka rangi na lisilo na kutu. Mvua za kwanza za msimu ziachwe zipite kabisa, kwa kuwa zinasomba vumbi la miezi saba, kinyesi cha ndege na majani. Na hata katikati ya msimu, dakika kumi na tano za mwanzo za kila mvua zielekezwe pembeni. Hifadhi maji kwenye tangi la plastiki lenye mfuniko, lisilopitisha mwanga, ili mwani na mbu wasiingie. Usitumie pipa lililowahi kubeba dawa za kilimo au mafuta, hata kama limeoshwa mara nyingi.

Hatua ya pili ni kukokotoa mchanganyiko. KH huchanganyika kwa uwiano wa moja kwa moja, wakati pH haifanyi hivyo, na ndiyo maana tunafanya hesabu kwa KH. Tuseme bomba lako lina KH ya 16, mvua ina 0, nawe unataka 6. Gawanya 6 kwa 16, utapata 0.375, yaani sehemu tatu kati ya nane. Kwa hiyo ndoo tatu za maji ya bomba zichanganywe na ndoo tano za maji ya mvua. Ukipima mchanganyiko ukakuta KH ya 7 badala ya 6, huenda mvua yako imeokota vumbi la chokaa; ongeza mvua kidogo.

Hatua ya tatu ni kuuingiza mchanganyiko huo polepole. Tangi lenye samaki lisibadilike kwa zaidi ya pH 0.3 kwa siku. Njia ninayoitumia mimi ni kubadilisha asilimia 20 ya maji mara moja kwa wiki kwa maji ya mvua matupu hadi nifike ninapotaka, kisha kuendelea na mchanganyiko uliokokotolewa. KH ya 16 kwa utaratibu huo huwa 12.8 wiki ya kwanza, 10.2 ya pili, 8.2 ya tatu na 6.6 ya nne. Kila wiki pH hushuka kwa takriban 0.1 tu, badiliko ambalo samaki hulipokea bila kuonyesha dalili yoyote. Mtu mwenye haraka huona wiki nne ni nyingi, lakini hakuna njia nyingine ya nyumbani ambayo ningeiamini kiasi hicho. Usishuke chini ya KH ya 3 isipokuwa unafuga samaki wanaodai maji laini sana na uko tayari kupima kila siku mbili.

Mvua ikikosekana, maji yaliyoondolewa chumvi kwa mashine hufanya kazi ileile, mradi uyapime KH kabla, kwa kuwa baadhi ya wauzaji huyarudishia madini. Maji ya betri yaliyo safi yanafaa pia kwa tangi dogo. Hakikisha tu kwamba unachonunua ni maji, si tindikali ya betri, kwani chupa zake hukaa pamoja kwenye rafu moja na tindikali hiyo huua samaki na kumuunguza anayeishika. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi yaachwe: hupita kwenye mabomba ya shaba, na shaba ni sumu kwa samaki na zaidi kwa konokono na kamba.

Kuchemsha

Ukoko wa birika ni bikabonati ya kalsiamu iliyogeuka kuwa chokaa kwa moto. Kwa hiyo maji yaliyochemshwa yamepoteza sehemu ya KH yake. Chemsha kwa dakika kumi hadi kumi na tano, acha yapoe usiku kucha yakiwa yametulia, kisha mimina juu juu bila kutikisa, ukiacha ule unga mweupe chini. Yapulizie hewa kwa saa chache, maana moto huondoa oksijeni, kisha pima KH. Usishangae pH ikisomeka juu mara tu baada ya kuchemsha. Moto umeondoa gesi ya kaboni dioksidi, na namba itatulia maji yakishapata hewa.

Njia hii ina kikomo. Huondoa bikabonati iliyoshikamana na kalsiamu na magneziamu tu. Ile iliyoshikamana na sodiamu hubaki, na baadhi ya visima vya kanda ya kati vina chumvi nyingi ya aina hiyo. Ukichemsha mara mbili na KH haijashuka, maji yako ni ya namna hiyo na usipoteze tena mkaa wala gesi. Kwa tangi linalozidi lita 40 gharama ya kuchemsha haina maana hata inapofanya kazi.

Majani ya mkungu na magogo

Majani makavu ya mkungu, yaliyojiangukia yenyewe yakiwa ya kahawia, hutoa utomvu wa rangi ya chai wenye tindikali hafifu. Suuza jani, lilowekwe kwa siku moja, kisha liwekwe kwenye tangi: jani moja kubwa kwa kila lita 30 hadi 40 linatosha kuanzia, na libadilishwe likianza kuoza. Majani makavu ya mpera hutumika vilevile. Kwenye maji ya KH ya 12 au zaidi usitarajie pH ibadilike kwa kiasi cha kuonekana, lakini baada ya kuilainisha KH kwa mvua, majani haya huisogeza pH chini kwa upole na samaki wa maji laini hutulia kwa giza lake. Gogo kavu lililochemshwa mara kadhaa hufanya kazi hiyo kwa muda mrefu zaidi.

Lakini si kila jani la uani linafaa, na hapa naomba msomaji awe makini. Dodoma imejaa mwarobaini, na wigo wa minyaa umezunguka nyumba nyingi. Mwarobaini una sumu ya wadudu inayodhuru viumbe wa majini, na utomvu mweupe wa mnyaa umetumika tangu zamani kuwalevya samaki mtoni ili wavuliwe. Jani wala kijiti cha miti hiyo kisikaribie tangi, na mikono iliyokata wigo ioshwe vizuri kabla ya kugusa maji.

Siki, ndimu na tindikali nyingine

Nimeshaeleza kwa nini siki na ndimu hazifai kumiminwa kwenye tangi. Ikiwa unataka kujionea mwenyewe, fanya jaribio kwenye ndoo ya lita 10 isiyo na samaki: weka kijiko kimoja cha chai cha siki, pima baada ya dakika tano, kisha pima tena kesho yake ukiwa umeiwekea pampu ya hewa. Utaona namba ikishuka na kurudi, na kuona huko kunafundisha kuliko maelezo. Tindikali kali za kusafishia vyoo au vigae zisifikiriwe kabisa; huwa na viungo vingine vya sumu ndani yake.

Kupandisha: soda, magadi na chokaa

Haja ya kupandisha humjia anayetumia mvua, anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, au mwenye tangi la miaka mingi. Kitu cha jikoni kinachofaa ni bikabonati ya sodiamu, ile soda nyeupe laini ya kuokea. Hesabu yake ni nyepesi: miligramu 30 kwa kila lita huongeza KH kwa nyuzi 1, yaani gramu 3 kwa tangi la lita 100. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 5. Anza na nusu kijiko kwa lita 100, kiyeyushwe kwanza kwenye kikombe cha maji ya tangi, kimiminwe taratibu karibu na mkondo wa kichujio, na usirudie hadi kesho yake ukiwa umepima.

Shida ipo kwenye majina. Sokoni neno magadi linabeba vitu kadhaa: kuna magadi ya mawe ya kuivishia maharage, kuna magadi soda ya unga, na mara nyingine kinachouzwa kwa jina la soda ni kabonati kali. Magadi ya mawe yana kabonati pamoja na bikabonati, na huirusha pH juu kwa ghafla. Niliwahi kuomba soda ya kuokea dukani nikafungiwa magadi yaliyosagwa, nami nisingejua kama nisingepima. Njia ya kutofautisha ni hii: yeyusha kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya mvua na upime. Bikabonati safi itasoma karibu 8.3 na haitapanda zaidi hata ukiongeza kijiko cha pili. Magadi na kabonati zitafika 10 au kuipita. Hapa ndipo choya inapofaa, kwa kuwa ukiwa na soda ya uhakika ya kulinganishia, juisi ya choya itaonyesha tofauti ya rangi kati ya glasi mbili waziwazi. Beking pauda ni kitu kingine tena, kwani imechanganywa na tindikali kavu na wanga, na huchafua maji. Hamira ya chachu haihusiki kabisa.

Neno chokaa nalo lina mtego kama huo. Maganda ya mayai, makombe ya konokono na simbi za baharini ni kabonati ya kalsiamu, na huyeyuka polepole pale tu maji yanapoelekea kwenye tindikali, hivyo hujiongoza yenyewe. Chemsha maganda, ondoa utando wa ndani, yaponde na uyafunge kwenye soksi safi ya nailoni ndani ya kichujio. Pima kila wiki. Chokaa ya kupaka ukuta ni kitu tofauti, imechomwa na kuzimwa kwa maji, na pH yake hufika 12. Kijiko chake kimoja kinaweza kumaliza tangi zima.

Kwa samaki wa Tanganyika, soda na maganda peke yake hayaleti madini yote wanayohitaji, ila maji ya bomba ya Dodoma tayari yana kalsiamu na magneziamu ya kutosha kuwaanzishia, kwa hiyo kwao soda kidogo juu ya maji ya bomba huwa bora kuliko soda nyingi juu ya maji ya mvua.

Tangi la zamani lililoporomoka

Bakteria wanaogeuza taka za samaki kuwa naitreti hula bikabonati kila siku. Tangi lisilobadilishwa maji kwa miezi hufika mahali ambapo KH imekwisha na pH imeanguka hadi 6 au chini yake. Mwenye tangi hushtuka na kumwaga soda, na samaki hufa ndani ya saa chache. Sababu ni amonia. Kwenye pH ya chini taka hii hukaa katika hali isiyo na madhara makubwa; katika nyuzi joto 25 za Selsiasi, sehemu yenye sumu ni chini ya asilimia 1 kwenye pH 7, takriban asilimia 5 kwenye pH 8, na zaidi ya theluthi kwenye pH 9. Kuipandisha pH ghafla ni kuiamsha sumu iliyokuwa imelala.

Kwa hiyo pima amonia kwanza. Kisha punguza chakula, badilisha asilimia 10 tu ya maji kila siku kwa maji ya KH ya wastani, na uendelee hivyo kwa wiki moja au mbili hadi amonia isomeke sifuri na KH ifike 4. Soda iongezwe baada ya hapo tu.

Samaki waliosafiri kutoka Dar es Salaam kwa basi au treni wana hali hiyohiyo ndani ya mfuko wao: pumzi yao imeshusha pH na amonia imejilimbikiza. Ukifungua mfuko na kuuacha wazi kwa saa nzima ukidondoshea maji ya Dodoma, gesi hutoka, pH hupanda na amonia huwa kali wakiwa bado ndani. Uache mfuko uelee kwenye tangi ukiwa umefungwa kwa dakika ishirini ili joto lilingane, ufungue, uwatoe samaki kwa wavu mara moja, na maji ya mfuko uyamwage nje. Njia hii inafaa iwapo KH ya tangi lako haipishani mno na ya muuzaji, basi muulize kabla hujasafirisha.

Kiangazi, upepo na umeme

Kuanzia Juni hadi Novemba hewa ya Dodoma ni kavu na yenye upepo, na tangi lisilo na mfuniko hupoteza maji mengi kwa wiki. Kinachopotea ni maji matupu, madini hubaki. Ukijazia kwa maji ya bomba kila mara, KH hupanda kidogo kidogo na baada ya miezi mitatu jitihada zako zote za msimu wa mvua zimefutika. Maji ya kujazia yale yaliyopungua kwa mvuke yawe ya mvua au yasiyo na chumvi siku zote, na ya mchanganyiko yatumike pale tu unapobadilisha maji uliyoyatoa mwenyewe. Mfuniko wa kioo hupunguza hasara hii sana.

Umeme ukikatika usiku, pampu husimama, gesi ya kaboni dioksidi hujaa na pH hushuka hadi asubuhi. Hapo usiongeze soda. Tikisa maji ya juu kwa kikombe, ukichota na kumimina kutoka kimo cha mkono mmoja kwa dakika kadhaa, na umeme ukirudi pH itapanda yenyewe ndani ya saa chache. Ipime jioni kabla ya kuamua lolote.